Vanishi isibanduke: mwongozo kamili wa kupiga vanishi mbao kwa wakazi wa Mwanza na kando ya ziwa

Swali linalorudi kila baada ya masika ni lilelile. Mlango wa mninga ulipigwa vanishi, ukang'aa, wageni wakausifia. Kabla mwaka haujaisha umeanza kutoa magamba upande wa chini, na mbao iliyo ndani imegeuka kijivu. Kuanzia Buhongwa mpaka Kisesa milango ya namna hiyo ni mingi, na lawama hutupiwa mbao au mkono wa fundi. Sababu ya kawaida ni nyingine kabisa: mlango wa nje umepigwa laka ya ndani.

Laka inapendwa kwa sababu inakauka upesi.

"Fundi, mlango wangu nauchukua lini?"

"Kesho asubuhi, mama. Njoo na usafiri."

Kwa laka ahadi hiyo inatimizwa. Kwa vanishi ya nje haiwezekani, na mteja anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajatoa kianzio. Mwongozo huu unafuata mlango mmoja wa nje tangu mwanzo hadi unapofungwa kwenye fremu, maana ndio unaowashinda wengi. Meza, kabati na kitanda vina sehemu yao mbele.

## Vifaa

Hesabu hii ni ya mlango wa mita 2.1 kwa mita 0.9, pande zote mbili na kingo zake. Hilo ni eneo la karibu mita 4 za mraba. Lita moja ya vanishi hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la kupaka, hivyo mikono minne itakula lita moja na nusu na kidogo.

- Vanishi ya nje, lita 2, kwenye kopo lililofungwa na kiwanda
- Tapentaini au waiti spiriti, lita 1
- Thina ya NC (ile ya kuchanganyia laka) au asetoni, robo lita, kama mbao ni mtiki au mvule
- Msasa namba 80, 120, 180 na 320, pamoja na kipande cha mbao laini cha kuuzungushia
- Brashi nzuri ya inchi 2, na ndogo ya inchi 1
- Kopo tupu safi, na soksi nyembamba ya kike ya kuchujia
- Vitambaa vya pamba vilivyofuliwa, visivyoachia nyuzi
- Barakoa ya vumbi, glovu, bisibisi, penseli na tochi
- Stendi mbili za kulazia mlango
- Kipande cha mbao ileile, cha kujaribia

Usinunue vanishi ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Hujui ni ya aina gani, imeongezwa nini, wala imefunguliwa lini. Zaidi ya yote hutapata lebo, na lebo ndiyo inayokuambia thina yake ni ipi na mkono wa pili upigwe baada ya saa ngapi. Brashi nayo usiibanie pesa: inayomwaga nywele itakuharibia kazi ya siku nzima.

## Chagua kulingana na mahali mbao itakapokaa

Jiulize maswali matatu. Jua litaifikia? Maji yataifikia? Itaguswa na vitu vya moto au kusuguliwa kila siku? Majibu ndiyo yatakayokutuma dukani, si bei wala mng'ao wa sampuli iliyotundikwa ukutani.

Vanishi ya nje, ambayo makopo mengine huiita vanishi ya boti. Ni ya mafuta, na ikikauka hubaki na ulaini kidogo, hivyo inavumilia mbao inapovimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua. Nzuri ina vichujio vya mionzi ya urujuanimno. Hilo ni jambo kubwa hapa kwetu. Mwanza iko karibu na ikweta, na Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua letu ni kali mwaka mzima. Mionzi hupenya vanishi isiyo na rangi na kuvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mbao. Nyuzi za juu zikiachana, vanishi haina tena kitu cha kushikilia, inabanduka hata kama yenyewe bado ni nzima. Ndiyo maana chini ya gamba unakuta mbao ya kijivu.

Kwa sababu hiyohiyo, vanishi ya nje yenye rangi kidogo (kahawia au wekundu wa mninga) hudumu kuliko isiyo na rangi, maana rangi huzuia mionzi. Mlango unaotazama jua la mchana bila baraza la kuukinga, mimi nasema usipigwe vanishi isiyo na rangi hata kidogo.

Laka ya NC (nitroselulosi), pamoja na sanding sila yake, ile inayopakwa kwanza chini ya laka. Hii ni ya ndani peke yake: makochi, kabati la nguo, kitanda, fremu za picha. Hukauka kwa thina kuruka tu, ndani ya dakika chache. Ni kavu na ngumu, kwa hiyo nje hupasuka mbao inapocheza. Sila iliyo chini yake ni laini kwa makusudi, ili isuguliwe kirahisi, na maji ya mvua huimaliza mapema.

Poliyurethani ya kopo moja. Chaguo zuri la meza ya kulia, ngazi na sakafu ya mbao. Inastahimili msuguano na kikombe cha chai kuliko laka. Ile isiyoandikwa kuwa ya nje ibaki ndani.

Poliyurethani ya makopo mawili, yenye hadina (kigandishi). Ngumu kuliko zote hizi, lakini ukishachanganya una saa chache tu kabla haijaganda kwenye kopo. Ikipulizwa kwa kompresa hutoa isosayaneti, kemikali inayoweza kumsababishia fundi pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiizuii. Bila kinga kamili ya kupumulia, kazi hiyo iache.

Mafuta ya kitani. Yanaipa mbao uzuri wa asili na ni rahisi kupaka, ila kinga yake dhidi ya maji ni ndogo na hurudiwa mara kwa mara. Miko, vinu na mbao za kukatia hazipigwi vanishi. Zipake nta ya nyuki, na Tabora ya wafuga nyuki haiko mbali nasi.

## Hatua ya 1: Hakikisha mbao imekauka

Maji yaliyo ndani ya mbao hutafuta njia ya kutoka. Jua likipiga mlango yanageuka mvuke, yanaisukuma vanishi kutoka chini na kuiinua. Hakuna vanishi ya bei yoyote inayoshinda nguvu hiyo.

Mwenye kipima unyevu asubiri kisome asilimia 15 au chini kwa mbao ya nje, na 12 hivi kwa samani za ndani. Usipokuwa nacho, mizani ya duka la jirani inatosha. Kata kipande kutoka mbao ileile, kipime, andika uzito wake juu yake kwa penseli, kisha kiache na mbao nyingine kivulini penye hewa. Kipime tena kila wiki. Uzito ukiendelea kushuka, mbao bado inatoa maji. Vipimo viwili mfululizo vikilingana, anza kazi.

Mlango ulionunuliwa tayari barabarani hauna kipande cha kupima. Usimamishe ndani kwa wiki mbili au tatu, umeinuliwa kidogo kutoka sakafuni. Maungio yakianza kuachia, ujue haukuwa mkavu, na bora umegundua sasa.

Paini, ikiwemo ile inayovunwa Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Sengerema, mara nyingi hufika sokoni ikiwa mbichi. Ichunguze zaidi.

## Hatua ya 2: Vua kila kinachovulika, tambua kilichopo

Ondoa kitasa, komeo na bawaba. Kuzungushia brashi kwenye kitasa huacha mstari ambao maji yatauingilia. Laza mlango juu ya stendi.

Mlango wa zamani uufanyie jaribio mahali pasipoonekana. Dondosha tone la spiriti: kilichopakwa kikilainika na kunata, ni sheliki, polishi inayoyeyushwa kwa spiriti. Kisipobadilika, jaribu tone la thina ya NC. Kikiyeyuka, ni laka. Kikijikunja na kuvimba au kisifanye lolote, ni vanishi ya mafuta au poliyurethani.

Laka au sheliki kwenye mlango wa nje itoke yote hadi mbao tupu. Vanishi ya mafuta ambayo bado imeshika vizuri inaweza kubaki, ukaipiga msasa tu na kuendelea. Ikiwa imebanduka sehemu yoyote, usizibe viraka. Toa yote, na mbao ya kijivu iliyo chini isugue mpaka irudi rangi yake.

Mafanikio hapa: kucha au skrepa haitoi gamba popote.

## Hatua ya 3: Msasa

Vaa barakoa. Vumbi la mninga na la mvule huwasha pua, macho na ngozi, na wapo wanaopata nalo shida ya kifua.

Chora mistari mepesi ya penseli juu ya mbao nzima, kisha piga msasa namba 80 kufuata nyuzi mpaka mistari iishe. Chora tena, piga 120. Chora tena, piga 180. Mistari inakuonyesha mahali ambapo mkono haujafika. Usiruke kutoka 80 hadi 180 ukidhani utaokoa muda, kwa kuwa mikwaruzo ya 80 itabaki, na vanishi itaionyesha zaidi kuliko ilivyoonekana kwenye mbao tupu.

Ishia 180, au 220 kwa samani. Mbao iliyosuguliwa kupita hapo inakuwa laini mno, vanishi inakosa pa kushika. Kona kali zilainishe kidogo kwa 180, maana vanishi hukimbia kona kali na kuacha tabaka jembamba, na kubanduka huanzia hapo.

Sasa zima taa, washa tochi na uilaze karibu na mbao, mwanga uende sambamba nayo. Mikwaruzo inayokatiza nyuzi itaonekana kama mistari ya kivuli. Rudi uitoe. Mafanikio: mwanga wa tochi unapita bila kukutana na kivuli chochote.

## Hatua ya 4: Ondoa vumbi na mafuta

Fagia kwa brashi kavu, kisha futa kwa kitambaa kilicholoweshwa tapentaini kidogo. Mafuta ya taa yasitumike: huacha unyevu wa mafuta unaochelewesha vanishi kukauka. Petroli isiletwe kabisa karibu na kazi hii.

Mtiki una mafuta ya asili, na mvule una kemikali zinazozuia vanishi ya mafuta kukauka. Futa mbao hizo kwa thina ya NC au asetoni, ukibadilisha kitambaa mpaka kisichafuke tena. Acha dakika chache thina iruke, upige mkono wa kwanza siku hiyohiyo. Ukilaza hadi kesho, mafuta yatapanda tena juu.

Paini yenye vifundo vinavyotoa utomvu, vipake sheliki kwanza. Ni vifundo tu, si mbao nzima.

## Hatua ya 5: Chagua siku na saa

Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mizuri kwetu, ingawa ina vumbi. Ndani ya masika na vuli kazi inawezekana kama una paa na kuta, ila kila mkono utahitaji muda zaidi.

Anza kama saa tatu asubuhi, umande ukiwa umekauka na ukiwa umetazama ziwani, maana ngurumo za alfajiri hutokea huko na kufika nchi kavu bila kubisha hodi. Maliza kabla ya saa sita. Mchana upepo wa ziwa huanza kuvuma kuja nchi kavu na kuinua vumbi la barabarani. Jioni ni mbaya kuliko zote: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kwa makundi hufuata taa, na vanishi mbichi iliyo chini ya taa huwanasa wote. Mwagia maji sakafu ya karakana saa moja kabla ya kuanza ili vumbi litulie.

Usipige vanishi juani. Uso unakauka kabla ya ndani, na matokeo yake ni vipovu na mikunjo. Kama jirani yako ni fundi wa kuchomelea, au kuna jiko la mkaa karibu, hamishia kazi kwingine. Cheche moja ikikutana na mvuke wa thina inaweza kuteketeza karakana zote mbili.

## Hatua ya 6: Mkono wa kwanza

Koroga kopo taratibu kwa kijiti bapa kinachofika chini. Usilitikise, unatengeneza vipovu. Chuja kiasi utakachotumia kwenda kwenye kopo safi, na usichovye brashi ndani ya kopo kubwa.

Mkono huu uchanganye: sehemu tatu za vanishi kwa moja ya tapentaini, isipokuwa lebo imeelekeza vingine. Vanishi nyepesi hupenya na kutia mizizi. Vanishi ya mafuta usiichanganye na thina ya NC kwa sababu tu iko karibu. Inaweza kuganda, au ikakunja tabaka la chini.

Anza na vichwa vya mbao: ukingo wa juu, ukingo wa chini, tundu la kitasa na vitanda vya bawaba. Hapa ndipo milango mingi ya Mwanza inapofia. Nyuzi za mbao ni mirija, na kwenye vichwa mirija iko wazi. Maji ya mvua yanayorukia kizingiti hunyonywa kupitia ukingo wa chini, yanapanda, na vanishi ya mbele inabanduka kutoka ndani. Fundi anapopaka mlango ukiwa tayari kwenye fremu, ukingo huo haupati hata tone. Uloweshe, subiri unyonye, uloweshe tena, na tena, mpaka ukatae kunyonya.

Kisha paneli, halafu vipande vya mlalo, mwisho vya wima. Chovya theluthi tu ya nywele za brashi, paka kufuata nyuzi, kila mstari ukigusa ule uliopita ungali mbichi. Malizia kwa kupitisha ncha ya brashi bila kukandamiza, kutoka mwisho hadi mwisho. Halafu iache. Kurudia vanishi iliyoanza kushika ndiko kunakoacha alama za brashi.

Mafanikio: mlango unaonekana una mabaka, sehemu zinang'aa na nyingine zimefifia. Usiogope, ndivyo mkono wa kwanza unavyokuwa.

## Hatua ya 7: Mikono mitatu inayofuata

Subiri saa 24, au zaidi kukiwa na mawingu. Jaribu kwa msasa namba 320: ukitoa unga mweupe mkavu, endelea. Ukijikunja na kuziba msasa, bado mbichi, rudi kesho. Saa haiamui, unga ndio unaoamua.

Sugua uso wote kidogo mpaka mng'ao ufifie, ili mkono mpya upate pa kushika. Kona ziguse kwa uangalifu zisirudi kwenye mbao. Futa vumbi, chuja vanishi upya, piga. Mikono hii haihitaji tapentaini, au tone tu kama vanishi ni nzito. Jumla iwe mikono minne, upande wa ndani na wa nje sawasawa. Ukipaka nje minne na ndani mmoja, pande hazitanyonya unyevu sawa na mlango utapinda.

## Hatua ya 8: Subira kabla ya kufunga

Acha siku tatu au nne baada ya mkono wa mwisho, vinginevyo mlango utanata kwenye fremu. Ugumu kamili huja baada ya wiki mbili hadi nne, hivyo usiuoshe kwa sabuni kali mapema. Kandamiza kucha mahali pasipoonekana: isipoacha alama, imekomaa.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta visikunjwe wala kutupwa kwenye rundo la maranda. Yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa huweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje, kimoja kimoja, au vizamishe kwenye kopo la maji.

## Samani za ndani kwa laka

Msasa ni uleule hadi 220. Piga sila mikono miwili, sugua kwa 320 mpaka uso uwe kama karatasi, kisha laka mikono miwili au mitatu, ukiacha nusu saa hadi saa moja kati yake. Kila mkono huyeyusha kidogo ule wa chini na kuungana nao, hivyo huna haja ya kusugua sana katikati.

Ukungu mweupe ukitokea, hiyo ni hewa yenye unyevu. Thina ikiruka upesi huipoza mbao, na maji ya hewani hunasa ndani ya laka. Usiongeze mkono juu yake. Ngoja hewa ikauke, kisha pulizia kidogo thina ya kuchelewesha, ukungu utayeyuka. Meza ya kulia usiipige laka: sufuria ya ugali itaacha duara jeupe.

## Ukiona kasoro

Vanishi isiyokauka baada ya siku mbili ina sababu tatu za kawaida: mbao yenye mafuta, mkono mzito mno, au mafuta ya taa. Ipe hewa siku kadhaa. Ikibaki inanata, itoke yote.

Vishimo vya duara vinavyojitenga ni mafuta au polishi ya samani iliyokuwa juu ya mbao. Sugua, futa kwa thina, anza upya. Michirizi iliyoganda ikate kwa wembe ikikauka kabisa, kisha msasa. Chembe za vumbi hutolewa kwa 320 kabla ya mkono unaofuata.

## Matunzo

Kila mwisho wa masika osha mlango kwa maji na sabuni laini, kisha utazame ukingo wa chini na upande unaopigwa na jua. Mng'ao ukiwa umefifia lakini hakuna ufa, piga msasa 320 na mkono mmoja mpya, hilo ni jambo la asubuhi moja. Ukisubiri mpaka gamba la kwanza linyanyuke, utarudi Hatua ya 2.

Vanishi iliyobaki ihamishie kwenye chombo kidogo kinachojaa mpaka juu, kwa sababu hewa iliyo ndani ya kopo ndiyo inayoigandisha. Andika tarehe. Ikiota ngozi juu, itoe nzima bila kuikoroga ndani, chuja iliyobaki, na ijaribu kwenye kile kipande cha mbao kabla haijagusa mlango.